Joka Langu Halina Kinyesi

Bi. Orihara, shikamoo,

Naomba unisikilize, na kabla ya yote naomba unisamehe kwa urefu wa barua hii, maana kazi yangu ni kuandika maneno matano matano ndani ya viputo, kwa hiyo mtu akinipa karatasi tupu nakuwa kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba. Nina miaka hamsini na saba, naishi Nerima na mke wangu, nachora manga, yaani vitabu vya hadithi za katuni, na nakuandikia wewe unayewashauri wasomaji gazetini kwa sababu nimeumbuliwa na mzee mmoja mstaafu wa idara ya majitaka na sijui pa kuuweka uso wangu.

Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikichora hadithi ya mji wa kubuni ulio chini ya mlima, na juu ya mlima huo kuna joka linalowalinda watu wa mji dhidi ya maadui, na siri kuu ya hadithi, ambayo niliifichua katika juzuu ya tisa huku nikijipigia makofi peke yangu mezani, ni kwamba joka lilikwisha kufa miaka mia mbili iliyopita, na walishaji wake arobaini wamekuwa wakirithishana siri hiyo baba kwa mwana, wakipandisha ng'ombe kumi na wawili mlimani kila siku ili watu wasitaharuki na maadui wasisikie. Wasomaji walilia. Mimi mwenyewe nililia, nikamwita mke wangu aje aone ukurasa, akasema chai inapoa.

Ndipo ikaja barua ya mzee Tokumaru wa Okayama. Nakunukulia yote kwa sababu nimeisoma mara nyingi mpaka imeingia kichwani: "Bwana mchoraji, nimefanya kazi ya majitaka miaka thelathini na minane. Mnyama anayekula ng'ombe kumi na wawili kwa siku atatoa kinyesi kisichopungua tani mbili. Mto wa mji wako unatoka kwenye mlima huohuo, na maji yake umeyachora safi hadi samaki wanahesabika. Ina maana kwa miaka mia mbili hakuna hata fundi bomba mmoja aliyejiuliza? Halafu, walishaji arobaini wana wake arobaini. Wake hao wana dada zao. Naomba maelezo."

Nilicheka, nikampelekea mhariri wangu, Bi. Kuzumi, tucheke pamoja. Yeye ana miaka ishirini na tisa na hajui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mwalimu, mzee ana hoja," akasema.

"Hoja gani? Ni hadithi ya kubuni. Mna joka humo! Mtu amekubali joka, anashindwaje kukubali siri?"

"Joka wanalikubali kwa sababu hawajawahi kuliona. Siri wameziona, mwalimu. Kila mtu ana shangazi."

"Sasa unataka nifanyeje?"

"Nipe sura moja inayoeleza watu wa mji walinyamazaje miaka yote hiyo. Ikishindikana, tuseme nyama wanakula walishaji wenyewe, wewe uwanenepeshe kidogo."

"Na kinyesi?"

"Hicho ni cha kwako. Mimi nahariri maneno."

Tangu siku hiyo, Bi. Orihara, sijalala vizuri. Nilibuni kiapo cha damu, Kuzumi akasema kiapo hakijawahi kumzuia mlevi. Nikabuni askari wa siri wanaosikiliza watu sokoni, akauliza askari hao wameambiwa wasikilize neno gani, na kama wameambiwa basi nao wanajua. Nikabuni mmea wa kusahaulisha unaotiwa kwenye supu ya mji mzima, nikafurahi sana, akauliza nani anamkumbusha mpishi kuutia kama naye ameinywa supu. Nimebaki naitazama karatasi mpaka inanionea huruma. Juzuu inayofuata inatakiwa kabla ya mwaka kwisha, na nikishindwa, mzee wa majitaka atakuwa ameliua joka langu mara ya pili.

Hapa sasa ndipo ninapotaka kuona haya, kwa sababu mimi si mgeni wa kazi ya kuficha. Kusema kweli nilidhani naijua. Nina mama mwenye miaka themanini na sita, anaishi peke yake Iida, kwenye nyumba ileile tuliyozaliwa, na mdogo wangu Mihoko yuko mtaa wa pili na humwangalia kila siku. Tulikuwa watatu. Mkubwa wetu, kaka Yasutaka, alikwenda Brazili akiwa na miaka thelathini, akawa fundi wa injini za boti kule Belém, akaoa hukohuko, na mwezi wa pili mwaka jana moyo wake ukasimama akiwa kazini. Siku habari ilipofika, mama alikuwa hospitali, amevunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji siku nne nyuma, na daktari akasema asipewe mshtuko wowote. Mimi na Mihoko tukakubaliana tumwambie akipona. Akapona mwezi wa nne. Tukasema acha maua ya masika yaishe kwanza. Yakaisha. Tukasema joto hili si la kumpa mzee habari mbaya, na tangu hapo kila majira yamekuwa na sababu yake.

Ili asiulize, nilianza kumwandikia kadi za kaka. Mkono wangu huu unaiga mwandiko wowote, ni kazi yangu, na wa kaka ulikuwa rahisi kwa sababu aliandika kama mtu anayekimbizwa. Naandika kadi sita kwa mpigo, nazituma kwa shemeji Lourdes, naye huko Belém anaziweka posta moja kila mwezi ili ziwe na stempu na mhuri wa kule. Mwanzoni alikataa. "Shemeji," alinilalamikia kwa Kijapani chake alichofundishwa na kaka, "mimi nimemzika, sasa nimpeleke posta?" Lakini kwa ajili ya mama akakubali.

Na siri ikaanza kudai walinzi. Nilimwambia mke wangu, Mihoko akamwambia mumewe. Kasisi wa hekalu ilibidi ajue ili kaka aombewe, akamwombea kimyakimya kwenye hekalu la wilaya nyingine. Mwenye duka la tofu, lile jibini la soya, mtaani kwa mama ana binamu Brazili, tukamwambia kabla binamu hajamwambia. Sasa huyo wa tofu ndiye anayepokea ubao wa matangazo ya mtaa, ule unaopita nyumba hadi nyumba kila mtu akigonga mhuri wake, naye kila anapompelekea jirani ubao wanapiga soga, kwa hiyo jirani naye ikabidi aambiwe, na wa nyumba ya tatu. Juzi, nikiwa namtafutia mzee Tokumaru jibu, nilihesabu wanaojua nikapata watu kumi na tisa.

Lakini, sitaki kujisifu ila najisifu, imefanya kazi! Mwezi wa tano mwaka huu mama alinipigia simu.

"Kaka yako siku hizi kawa na adabu," akasema. "Zamani kadi yake ni mwaka mpya, na ya pili akitaka apelekewe miso ya kupikia supu. Sasa kila mwezi. Na anauliza habari za nyonga yangu."

"Ni umri, mama. Anakukumbuka."

"Mwambie asijichoshe. Kuandika kote huko, mkono utamuuma. Wako vipi?"

"Unauma kidogo."

"Nitakutumia plasta za dawa. Ubandike kabla ya kazi, usingoje uvimbe."

Na kweli zilifika, pakiti tatu, na nilizibandika, na nilisikia uchungu kwa wema wa mama yangu, anayemwazia mwanawe wa mbali na wa karibu kwa pumzi moja.

Ila tangu masika ya mwaka huu ameanza kupotea, Bi. Orihara. Zamani hakuna simu iliyokatwa kabla hajauliza "Yasutaka anakuja lini?", na sasa haulizi kabisa, kama kwamba amesahau kuwa mtu huweza kurudi. Mwezi wa nane nilikwenda kwa siku za kuwapokea marehemu. Kila mwaka mama hutengeneza farasi wa tango mwenye miguu ya njiti, wa kumleta baba nyumbani haraka, na ng'ombe wa biringani wa kumrudisha polepole. Mwaka huu nilikuta mbele ya picha ya baba matango mawili yamesimama.

"Mama, baba anapanda farasi wawili?" nikamtania.

"Matango yalizaa sana," akasema, akaenda kuchemsha maharage.

Mihoko akanivuta ukumbini. "Umeona? Na juzi nimemkuta anaongea peke yake mbele ya madhabahu, anamfokea mtu apunguze mafuta. Baba alikula mafuta lini, yule mkondefu? Kaka, mama anatuacha. Nimepata nafasi kwenye nyumba ya wazee, ghorofa ya wanaosahau. Anaingia tarehe ishirini mwezi wa kumi."

Basi nina maswali mawili. La kwanza, kubwa, ni hili la joka: mji mzima unawezaje kufichwa jambo kwa miaka mia mbili bila msomaji kunicheka? La pili ni dogo: je, kuna haja tena ya kumwambia mama kuhusu kaka, ikiwa mwenyewe ndiyo hivyo anaanza kusahau, au tumpe tu shemeji Lourdes anwani mpya ya nyumba ya wazee?

Wako,
Mfuga Joka Mfu, Nerima

*

Bwana Mfuga,

Marahaba. Nimehesabu kurasa ulizoniletea. Joka umelipa kurasa zote za mwanzo, mama mzazi amesubiri mpaka nusu ya barua, na katika zake nusu ukurasa unasifia mwandiko wako. Halafu unasema swali la mama ni dogo. Nina miaka sabini na minne, nimesoma barua za kila aina, na kwa hii yako nililazimika kusimama nikazunguka meza.

Nianze na la huruma, maana unastahili kidogo. Mama yuko kitandani, nyonga imeshonwa siku nne, daktari amesema asishtuliwe. Hata mimi ningenyamaza wiki hiyo. Wiki hiyo, bwana! Wewe umenyamaza mpaka maua yamechanua tena na kuanguka, na katikati ukafungua ofisi ya posta ya marehemu yenye tawi Belém.

Sasa nikuulize wewe unayeijua kazi ya kuficha. Kaka yako alipokuwa hai aliandika mara mbili kwa mwaka, na moja ya hizo alitaka miso. Alipokufa akaanza kuandika kila mwezi, haombi kitu, na anauliza habari za nyonga. Ulidhani mama yako amezaa watoto au vitabu vya adabu? Ungeomba miso hata mara moja, ungechelewa miezi mitano, ungekuwa na nafasi. Lakini ulimfanya marehemu awe mtoto mwema, na hakuna mama asiyemjua mwanawe kiasi hicho. Alikwambia kwenye simu kwamba mkono utauma, kisha akatuma plasta. Pakiti tatu zilikwenda nyumba gani? Hazikwenda Brazili.

Ameacha kuuliza kaka anarudi lini kwa sababu amekwisha kujua kwamba harudi. Anayefokewa apunguze mafuta si baba yako mkondefu, ni mtu ambaye moyo wake ulisimama akiwa kazini. Na tango la pili, bwana Mfuga, wewe umezaliwa katika nyumba hiyo na umekula biringani za mwezi wa nane miaka hamsini na saba, ulilitazama likiwa limesimama kwa miguu yake minne ukafanya mzaha. Mama alimtengenezea mwanawe farasi wa kumleta nyumbani kutoka mbali. Nani aliteleza ulimi mbele yake sijui. Una watu kumi na tisa wa kuchagua, mimi ningeanzia kwenye tofu.

Mama yako hajasahau kitu. Anajitia hamnazo, na anaifanya kazi hiyo vizuri kuliko ninyi wawili. Alimwona mwanawe wa pili, mzee mzima mwenye mkono mbovu, anahangaika kuandika kadi kila mwezi, akaona kwamba asiyeweza kulibeba jambo hili ni wewe. Akakubebea. Na ninyi kwa shukrani mmemtafutia ghorofa ya wanaosahau! Mihoko naye simlaumu sana, yeye ndiye anayemwangalia kila siku na amechoka, na mtu aliyechoka huona ugonjwa kila mahali. Lakini ukimpeleka mama yako pale kwa ushahidi wa tango moja, hapo utakuwa umefanya kosa ambalo hakuna sura ya kulieleza.

Swali lako la joka nalo nitalijibu, maana nimenunua juzuu tatu za kwanza na sitaki zipotee bure. Walishaji unawachora wote na pua ileile, lakini ng'ombe wako nimewapenda. Mzee Tokumaru yuko sahihi. Watu wa mji wanajua. Walijua tangu mwaka ule wa kwanza mto ulipokuwa safi, na wake arobaini walijua kabla ya hapo. Waliendelea kutoa ng'ombe kwa sababu waliwaona walishaji wanapanda mlima alfajiri na uso wa mtu anayeulinda ulimwengu, wakawaonea huruma kuwaambia. Miaka mia mbili mji mzima umekuwa ukiwatunza watu arobaini wasivunjike moyo. Chora hivyo. Mpe fundi bomba mstari mmoja wa kusema, na huyo Bi. Kuzumi akikukatalia, mwambie aje kwangu na shangazi yake.

Tumemaliza na joka. Sikiliza sasa la kufanya, na usilipangie majira.

Leo mpigie Mihoko, mwambie afute ile tarehe ishirini. Nimesema afute, sikusema asogeze. Kama baadaye mama atahitaji mtu wa kumsaidia, mtakaa naye mezani mzungumze, naye atasema anataka nini, maana akili yake iko timamu. Kesho panda basi la asubuhi la Iida, wewe na dada yako muingie pamoja, msitumane. Usibebe keki. Atakuwahi kwa chai, na ukimruhusu atakulisha viazi na maharage mpaka basi la kurudi lifike, kama alivyokimbilia maharage ulipomuuliza habari za farasi wawili. Usiinue kikombe. Kaa chini mbele yake useme: "Mama, kaka Yasutaka alifariki mwezi wa pili mwaka jana. Tulikuficha. Kadi niliandika mimi." Ishia hapo. Habari za daktari, asipokuuliza, usizilete, maana utaanza kujitetea na wewe ukianza kusema hunyamazi, nimeiona barua yako.

Akijifanya ameshtuka, mwache ashtuke, ni haki yake. Akicheka usishangae. Akikufokea kwa ajili ya zile kadi, inamisha kichwa ufokewe mpaka achoke. Kisha mpigie shemeji Lourdes umpe mama simu, halafu wewe na Mihoko mtoke nje mkatazame mawingu. Yule alimzaa na yule alimzika, na mwaka mzima na nusu mmewafanya wawili hao wasiweze kusemezana ila kupitia mkono wako. Kijapani cha Lourdes kitatosha. Kasisi naye aje nyumbani kwa mama, apite mlango wa mbele, na amsomee kaka yako pale mama anapoweza kusikia.

Kuna kitu kimoja hukukiona, na ndicho kilichoniinua mezani. Mama yako amefiwa na mtoto wake wa kwanza. Kasisi anajua, mwenye tofu anajua, nyumba tatu za mtaa zinajua, na kila wiki wanampelekea ubao wa matangazo mlangoni na kumwambia leo kuna baridi, kwa sababu wewe ndiye uliyewakataza kusema zaidi. Amelia peke yake, akanawa uso, akapokea simu yako akakuuliza mkono unaendeleaje. Mpaka leo hakuna mtu hata mmoja aliyempa pole.

Nenda ukampe.

Orihara Fusae